Vimbweta Viingie Ukumbini

Mwaka 1990 Eric Mazur, mhadhiri wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, hakuwa na sababu ya kujitilia shaka. Wanafunzi walimsifu kwenye fomu za tathmini, na mitihani ya kukokotoa waliifaulu. Kisha akasoma makala ya David Hestenes wa Arizona, aliyedai kuwa wanafunzi wengi humaliza somo la fizikia na dhana zilezile walizokuja nazo. Kwangu haiwezekani, Mazur akawaza. Akawapa darasa lake maswali ya Hestenes, yasiyo na hesabu hata moja. Mojawapo: lori zito likigongana na gari dogo, lipi linalisukuma jingine kwa kani kubwa zaidi?

Kani ni sawa. Ndiyo kanuni ya tatu ya Newton, na darasa zima lilikuwa limeikariri. Hata hivyo si wachache waliokwama. Mwanafunzi mmoja alitaka kujua ajibu kama alivyofundishwa au kama anavyofikiri mwenyewe.

Swali hilo moja la lori lina faida kuliko rundo la fomu za mwisho wa muhula. Fomu huja darasa limeshatawanyika. Akinufaika mtu, ni wa mwakani. Mhadhiri anahitaji kujua sasa hivi, kipindi kikiendelea, nani ameachwa njiani.

Kuanzia 1991 Mazur akabadili mtindo. Anaeleza jambo moja kwa dakika chache, kisha anatoa swali la kuchagua jibu. Kila mtu anafikiri peke yake na kupiga kura. Waliopata wakiwa chini ya asilimia 30 hivi, anaeleza upya. Wakizidi 70, anasonga mbele. Wakiwa katikati, kila mmoja anamgeukia jirani mwenye jibu tofauti, wanabishana dakika mbili tatu, kura inapigwa tena. Mara nyingi waliopata huongezeka, na mhadhiri hajaeleza lolote. Sababu anayoitoa Mazur ni kwamba aliyeelewa punde bado anakumbuka alikwama wapi. Profesa alishasahau zamani.

Vifaa si tatizo, vidole vilivyoinuliwa mbele ya kifua vinatosha. Kazi iko kwenye kutunga swali: majibu yasiyo sahihi sharti yatokane na makosa ambayo wanafunzi huyafanya kweli, na hayo huyajui mpaka usome kazi zao kwa makini.

Hapa Tanzania ubishi huo wa jirani na jirani una uzito zaidi. Mwanachuo wetu wa shule za kawaida alisoma msingi kwa Kiswahili, kisha kuanzia sekondari akafundishwa kwa Kiingereza. Ukiuliza kama wameelewa, ukumbi unaitikia kwa pamoja na hakuna anayenyoosha mkono. Baadaye, kwenye vimbweta, ndipo wanaelezana kwa Kiswahili mhadhiri alikuwa anasema nini, na wakipotoshana hayupo wa kuwasahihisha. Wakibishana ukumbini, kwa lugha waitakayo, mhadhiri anapita katikati ya viti akisikia.

Najua pingamizi: silabasi haitaisha. Mazur alihamishia usomaji nyumbani, kabla ya kipindi. Kwetu, ambako wengi husubiri madesa, hilo ni gumu, nami sidhani litawezekana kwa muhula mmoja. Lakini silabasi iliyoisha bila kueleweka haijamsaidia mtu. Mhadhiri mwenzangu, kipindi kijacho weka swali moja tu, na usitaje jibu kabla hawajabishana.