Mlevi Aliyechoka na Pombe Aende Wapi?

Mtu akishikwa na kisukari katika mitaa yetu ya Kibokoni, Majengo au Kisauni, habari zake huulizwa msikitini baada ya sala na majirani humpelekea uji. Akishikwa na pombe, mlango hufungwa. Mama husema mwanawe ana homa. Mke huficha pesa za karo, alfajiri hufua shuka zilizotapikiwa, kisha jioni huenda arusini akacheka na wenziwe kana kwamba hapana neno. Hiyo twaiita sitara, na sitara ni jambo jema, lakini huyu mgonjwa amefichwa hata na dawa yake.

Msomaji asidhani tunasema juu ya watu wa mbali. Tembo la mnazi lagemwa Rabai na Kaloleni tangu zama za mababu, na huko mangweni hawakosekani wateja wenye majina kama yetu. Si kwamba hawajui kuwa ni haramu. Wengi wameapa zaidi ya mara moja, hasa Ramadhani inapokaribia. Mwezi mzima hawaonji tone, na Idi ikipita wamerudi palepale. Mawaidha wameyapata tele. Wanachokikosa ni mtu wa kukaa naye ambaye kiu ile anaijua kwa kuwa ilimshika yeye mwenyewe.

Jambo hilo ndilo lililozaa chama kiitwacho Alcoholics Anonymous, au AA. Mwaka 1935 Mmarekani mmoja, Bill Wilson, aliyekuwa ameacha pombe kwa miezi michache tu, alikuwa katika mji wa Akron, Ohio, biashara yake imeharibika na roho yamvuta kwenye baa ya hoteli. Badala ya kuingia, alishika simu akatafuta mlevi mwenziwe wa kuzungumza naye. Akaelekezwa kwa daktari wa upasuaji, Bob Smith. Mwezi Juni mwaka huo huo daktari huyo alikunywa kinywaji chake cha mwisho, na mazungumzo ya watu wawili yakaenea dunia nzima.

Mkutano wenyewe hauna makuu. Hapana ada wala karani wa kukuandika. Sharti ni moja, uwe wataka kuacha. Mtu hutaja jina lake la kwanza basi, husema yaliyompata, na wengine husikiliza bila kumkatiza (laiti baraza zetu za kahawa zingekuwa hivyo!). Asiyetaka kusema hukaa kimya. Iko mikutano ya wazi, ambayo hata ndugu wa mgonjwa aweza kuhudhuria, na iko ya wenyewe tu. Jamaa za walevi nao wana kikundi chao, Al-Anon, kilichoanzishwa mwaka 1951, na mke tuliyemtaja hapo juu anakihitaji sawasawa na mumewe.

Shida ni kuvipata vikundi hivi, maana havitundiki vibao mlangoni. Simu ya NACADA, 1192, hupigwa bila malipo. Kliniki ya maradhi ya akili katika hospitali kubwa ya serikali, na vituo vya kutibu waraibu, aghalabu hujua nani hukutana wapi. Ukipata jibu, uliza siku na saa, usije ukagongana na Magharibi. Uliza pia lugha inayotumika, na kama mkutano ni wa wazi.

Tena uliza ni mahali gani, kwani hapo ndipo wengi wetu hugeukia mlangoni. Mikutano mingi hufanyika katika vyumba vya makanisa. AA si ya kanisa lolote. Hatua zake 12 zamtaja Mungu, kila mtu kwa jinsi amjuavyo. Ikiwa pahala fulani hufunga kwa dua ya Kikristo, Mwislamu anaweza kunyamaza. Ambaye moyo wake haukubali kabisa, ajue kuwa mwaka 1989 Waislamu wa Baltimore, Marekani, walianzisha Millati Islami, wakazipanga hatua hizo 12 kwa misingi ya dini yetu.

Wako watakaouliza, je, kusema madhambi yako mbele ya watu si kujianika? Swali hili lina uzito, na mwenye shaka amwendee sheikh anayemwamini. Kwa maoni yangu, anayejisifu kwa ulevi wake na anayemweleza tabibu kidonda chake hawako sawa. Tena hapa wasikilizaji wana kidonda kile kile, na desturi yao ni kwamba yaliyosemwa chumbani hubaki chumbani.

Neno moja la hadhari. Aliyekunywa sana kila siku kwa miaka asikatize ghafula akiwa peke yake nyumbani. Mwili huweza kutetemeka, kuingiwa na kifafa, akili ikapotea, na wengine hufa. Huyo aanze kwa daktari, ndipo aende mkutanoni.

Na ikiwa mtu yuko Faza au Vanga na hakuona kikundi jirani? Kwa desturi ya AA, watu wawili au watatu wakikutana kwa nia hiyo wanaweza kujiita kikundi. Chumba cha nyuma ya duka chatosha, baada ya Isha, mlango umerudishwa na birika la chai liko mkekani.