Mishipa Mipana: Funzo la Mkimbiaji na Mchungaji

Katika bonde la Olbalbal, wilayani Ngorongoro, ambako mto wa msimu wa Olduvai huishilizia maji yake, ufugaji wa Kimaasai hautenganiki na mwendo wa miguu, kwa kuwa mifugo hufuata malisho na maji, na mchungaji huifuata mifugo. Maisha ya namna hiyo, yaliyoambatana na mlo wa maziwa na nyama, yalimvutia Daktari George Mann wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt, Marekani, ambaye tangu miaka ya 1960 aliwachunguza Wamaasai wa Tanzania na kukuta kwamba maradhi ya moyo yalikuwa nadra miongoni mwao.

Jambo lenye uzito zaidi lilijitokeza mwaka 1972, ripoti ya uchunguzi wa mioyo ya wanaume 50 waliofariki ilipotolewa. Mishipa ya korona, yaani ile inayoulisha moyo wenyewe, ilikuwa na utando wa mafuta kama ilivyo kwa wazee wa Marekani, lakini ilikuwa imepanuka kadiri umri ulivyosonga, hata damu ikaendelea kupata njia. Mishipa mipana vivyo hivyo ilikuwa imeonekana kwa Clarence DeMar, mshindi mara saba wa mbio za marathoni za Boston, aliyefariki mwaka 1958 kwa saratani.

Sababu mojawapo ni kwamba damu inayokwenda kasi wakati wa mazoezi huusugua ukuta wa ndani wa mshipa, nao hutoa naitriki oksaidi, gesi inayolegeza misuli ya mshipa huo. Chumba cha moyo kinachosukuma damu mwilini nacho hutanuka, kikatoa damu nyingi kwa kila pigo. Ndiyo maana mapigo ya mwanariadha aliyepumzika huweza kushuka hadi 40 kwa dakika, ilhali ya mtu wa kawaida huwa kati ya 60 na 100.

Afya ya kawaida haidai kasi ya Filbert Bayi, mzaliwa wa Karatu aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1500 mwaka 1974. Shirika la Afya Duniani hupendekeza angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Hata hivyo, kwa kuwa mwendo haukuyaondoa mafuta katika mishipa ya wachungaji wale, anayehamia mjini na kuacha kutembea, huku akiendelea na mlo uleule, huipoteza kinga yake na kubaki na hatari.