Konea Yako Ina Mikroni Ngapi?

Wanaokuja kuulizia upasuaji wa macho kwa leza huwa wameshaamua. Miwani inayoteleza puani kwa jasho imewachosha, rafiki yao amerudi kutoka India akiwa hana miwani, na fedha wamekwisha kuzitenga. Swali lao ni lini. Swali la daktari ni kama jicho hilo linafaa kuguswa. Siku ya vipimo ipo kwa ajili ya swali hilo la pili, na kliniki isiyojua kumwambia mtu "hapana" mimi nisingeikabidhi macho yangu.

Kinachofanyiwa kazi ni konea, ule utando mwangavu ulio mbele ya mboni. Leza huondoa tabaka jembamba sana la konea na kuibadilisha umbo, ili mwanga uangukie mahali pake kwenye pazia la jicho. Leza hiyo, eksima, haikutoka hospitalini. Novemba 1981, Rangaswamy Srinivasan, mwanakemia wa kampuni ya IBM katika jimbo la New York, aliijaribu kwenye mabaki ya bata mzinga wa sikukuu ya Shukrani. Ilichonga safi bila kuunguza sehemu za pembeni. Miaka miwili haikupita, tayari madaktari wa macho walikuwa wakiifikiria konea.

Konea ya mtu mzima ina unene wa wastani wa mikroni 540 katikati, yaani nusu milimita na kidogo. Huo ndio mtaji wote, na haurudi ukishatumika. Katika upasuaji wa LASIK, daktari hukata kifuniko chembamba cha takriban mikroni 110, akakifunua, leza ikafanya kazi chini yake, kisha akakirudisha. Kila dayopta moja ya namba ya miwani hugharimu mikroni 12 hadi 15 hivi. Kinachobaki chini ya kifuniko kisipungue 250, na wengi wetu madaktari hatutaki kishuke chini ya 300.

Sasa mchukue mtu mwenye namba hasi 6 na konea ya mikroni 480. Toa 110 za kifuniko, toa 84 za leza: zinabaki 286. Macho yake hayaumi na ana afya njema, lakini kwa LASIK mimi ningemkatalia. Mwenzake mwenye namba hiyohiyo na konea ya 560 angepita. Ndiyo maana bei uliyotajiwa kwa simu kabla hujapimwa haina maana kubwa, na ahadi uliyopewa kwa simu haina maana yoyote.

Unene peke yake hautoshi. Mashine nyingine huchora ramani ya konea, mbele na nyuma, na hapo tunatafuta ugonjwa mmoja kuliko yote: keratokonasi. Konea hudhoofika, hukonda, kisha huchongoka kama ncha ya limau. Mwanzoni mgonjwa hajui lolote. Huona tu kwamba miwani yake inabadilishwa mara kwa mara. Ukiipunguza kwa leza konea ya namna hiyo, inaweza kuendelea kuvimba mbele mpaka miwani isisaidie tena. Mzio wa macho ni jambo la kawaida kwa watoto wetu, na kufikicha macho kwa miaka kunahusishwa na ugonjwa huu. Kwa hiyo daktari akikuuliza kama ulikuwa ukifikicha macho utotoni, au kama kuna ndugu mwenye tatizo la konea, usijibu juu juu. Ikigundulika mapema, keratokonasi husimamishwa kwa matone ya vitamini B2 na mwanga wa urujuanimno, na huenda hicho kipimo cha leza ndicho kilichokuokoa.

Anayevaa lenzi za macho aziache kabla ya kuja: laini, wiki moja au mbili; ngumu, wiki tatu au zaidi. Lenzi huikandamiza konea, nayo ramani ikadanganya. Siku hiyo pia utatiwa matone ya kulegeza misuli ya jicho, kwa sababu vijana hukaza macho bila kujijua na namba ikasomeka kubwa kuliko ilivyo. Kwa saa kadhaa hutasoma ujumbe wa simu vizuri na jua litakuchoma. Usije ukiendesha gari.

Machozi nayo hupimwa, wakati mwingine kwa kipande cha karatasi kinachowekwa kwenye kope ya chini kwa dakika tano. Upasuaji hukata mishipa midogo ya fahamu ya konea, na ukavu wa macho baada yake ni malalamiko ya kawaida kwa miezi kadhaa. Mwenye macho makavu tayari, anayeshinda mbele ya kompyuta chini ya kiyoyozi, atibiwe ukavu kwanza.

Mjamzito na anayenyonyesha wasubiri. Namba iliyobadilika zaidi ya nusu dayopta ndani ya mwaka nayo isubiri.

Waliovuka miaka 40 ndio hunipa kazi ya kueleza. Asiyeona mbali huvua miwani akasoma gazeti bila shida. Ukimrekebisha aone mbali, atahitaji miwani ya kusomea. Leza haizuii umri. Wengine huachiwa jicho moja la kuona karibu, lakini wajaribu kwanza kwa lenzi kwa siku kadhaa.

Ukiambiwa LASIK haikufai, uliza kuhusu PRK, aina ya upasuaji wa leza isiyo na kifuniko, ingawa maumivu yake ni ya siku kadhaa na uoni hurejea polepole. Au kuhusu lenzi inayopandikizwa ndani ya jicho bila kuipunguza konea. Uliza pia nani hasa atakayekufanyia, na nani atalipia marekebisho yakihitajika.

Mwisho, dai nakala za vipimo vyote, hasa mpindo wa konea na namba ya miwani kabla ya upasuaji. Miaka 30 baadaye ukipata mtoto wa jicho, daktari atahitaji kukokotoa nguvu ya lenzi ya kukuwekea, na konea iliyochongwa huivuruga hesabu hiyo. Kliniki huhama na kompyuta huharibika, kwa hiyo karatasi hizo ziweke pamoja na cheti chako cha kuzaliwa.