Irabu e na o za Kiswahili cha Hati za Kiarabu katika Kompyuta

Waswahili walipozichukua hati za Kiarabu kuandikia lugha yao, walizipokea pamoja na alama tatu za irabu fupi: fat-ha kwa a, kasra kwa i, na dhamma kwa u. Kiswahili kina irabu tano. Jambo hilo halikuwatia waandishi wa kale dhiki kubwa. Kasra ilibeba i na e, dhamma ikabeba u na o, na msomaji, ambaye aghalabu alikuwa amekwisha kuusikia utenzi ukiimbwa, alipambanua mwenyewe. Hivyo lia na lea ziliweza kuandikwa sawasawa. Kadhalika tua na toa.

Haja ya kuzitenga irabu hizi haikuletwa na kompyuta. Huko Mombasa, katika karne ya 19, Mwalimu Sikujua, aliyefariki 1890, alizirekebisha hati hizo zipate kulingana na sauti za Kiswahili. Ndiye aliyemsaidia W. E. Taylor kukusanya mashairi ya Muyaka. Mwaka 1997 Sheikh Yahya Ali Omar na P. J. L. Frankl walichapisha mapendekezo kamili ya maendelezo ya namna hiyo.

Kompyuta, hata hivyo, imeleta sharti jipya. Kwa mwandishi wa kalamu alama ni umbo. Kwa mashine ni nambari. Katika mfumo wa Unicode, ambao toleo lake la kwanza lilitoka 1991, kasra ni 0650 na dhamma ni 064F, kwa hesabu ya msingi wa 16. Kwa e na o hapakutengwa nambari za Kiswahili peke yake. Waandikao kwa kompyuta hutumia alifu ndogo ya chini, 0656, kwa e, na dhamma iliyopinduliwa, 0657, kwa o. Alama hizo mbili ziliingizwa katika mfumo mwaka 2003, wala si kwa ajili ya pwani ya Afrika Mashariki: hiyo ya pili hutumika katika Kiurdu kuonyesha u ndefu. Kuazima si aibu, kwani hati zote hizi ni za kuazima. Lililo muhimu ni kwamba wote waazime nambari ile ile. La sivyo, maneno mawili yanayofanana machoni yatakuwa mbalimbali kwa mashine, na atafutaye moja hataliona la pili.

Hatari kubwa zaidi imo katika utafutaji wenyewe. Programu nyingi zilizotungwa kwa ajili ya Kiarabu huziacha alama za irabu zinapotafuta neno, maana Mwarabu huandika bila hizo na akasomeka. Kiswahili hakivumilii hivyo. Ondoa irabu, na pata, pita na peta ni neno moja.

Yapo pia maswali ya uhariri ambayo mashine haiwezi kuyajibu. Mhariri akikuta kasra katika muswada wa kale naye akapiga 0656 kwa kuwa anajua neno ni lea, ameongeza rai yake ndani ya matini. Huenda amesema kweli. Lakini atakayekuja baadaye hataweza kujua kwamba mnakili aliandika kasra. Kwa chuo kilicho mbali na pwani, kama Chuo Kikuu cha Moi kilichoanzishwa karibu na Eldoret mwaka 1984, suala hili lina uzito, kwa kuwa miswada mingi imehifadhiwa London, Hamburg na Dar es Salaam, na mwanafunzi wa Eldoret huweza kumaliza masomo yake akiwa ameona nakala tu. Afadhali basi nakala ziwe mbili: ya kwanza ifuate kasra na dhamma kama zilivyo, na ya pili, iliyofungamanishwa nayo mstari kwa mstari, ionyeshe e na o kwa mujibu wa usomaji wa mhariri. Kazi huongezeka, lakini ubishi juu ya neno moja la utenzi utaweza kurudishwa kwenye alama aliyoiandika mnakili.