Msamaha wa Rais: nani anasamehe, na aliyekosewa yuko wapi?

Desemba 1963, Kenya ilipokuwa inapata uhuru, serikali ya Jomo Kenyatta iliwatangazia msamaha wapiganaji wa Mau Mau waliokuwa bado wamejificha katika misitu ya Mlima Kenya. Upande wa Meru walitoka viongozi wawili ambao majina yao yanatajwa hadi leo: Musa Mwariama na Baimungi M'Marete. Mwariama alirudi kwenye maisha ya kiraia na akaishi hadi 1989. Baimungi hakuridhika. Yeye na wenzake waliona wameitwa watoke msituni bila kurudishiwa ardhi waliyoipigania. Alirudi msituni, na mwanzoni mwa 1965 akauawa na vikosi vya serikali ileile iliyomsamehe.

Naanza na kisa hicho kwa sababu mjadala wa msamaha wa Rais nchini Kenya mara nyingi huishia kwenye swali la nani katoka jela. Swali zito ni hili: msamaha unatolewa kwa utaratibu gani, na unaacha deni gani nyuma yake?

Watu wa Meru na Embu walionja mamlaka haya mapema. Wakati wa hali ya hatari, wao pamoja na Wakikuyu ndio waliobanwa zaidi na sheria za mkoloni. Zaidi ya watu 1,000 walinyongwa kwa makosa yaliyohusishwa na Mau Mau. Neno la mwisho kuhusu nani anyongwe na nani aponee lilikuwa la Gavana Evelyn Baring, kwa niaba ya Malkia wa Uingereza. Mamlaka hayo ya mtu mmoja yalirithiwa na marais wetu. Chini ya katiba ya zamani, Rais angeweza kusikiliza ushauri wa kamati kisha akaamua apendavyo.

Katiba ya 2010 ilibadilisha mambo. Kifungu cha 133 kinasema Rais anaweza kutumia mamlaka ya huruma pale ombi linapowasilishwa, na kwa kufuata ushauri wa Kamati ya Ushauri. Kamati hiyo ina Mwanasheria Mkuu, Waziri anayesimamia magereza, na watu wengine wasiopungua watano ambao si maofisa wa serikali. Sheria ya kuiongoza ilipitishwa 2011.

Rais anaweza kufanya mambo manne: kusamehe kwa masharti au bila masharti, kuahirisha adhabu, kuibadilisha iwe nyepesi, au kupunguza sehemu yake au yote. Anayeweza kuomba ni mtu yeyote: mfungwa mwenyewe, mama yake, hata jirani. Katiba haisemi lazima awe wakili.

Hapo ndipo penye mipaka ambayo wengi hawaioni. Kwanza, anayesamehewa ni aliyekwisha kuhukumiwa na korti. Marekani ni tofauti. Huko Rais anaweza kumsamehe mtu hata kabla ya kushtakiwa, na Januari 2025 Donald Trump aliwasamehe watu wapatao 1,500 waliohusishwa na uvamizi wa bunge la nchi hiyo, wengine kesi zao zikiwa bado hazijaamuliwa. Kwetu hilo haliwezekani kwa kifungu cha 133.

Pili, kuondolewa kwa kesi si msamaha wa Rais. Mwishoni mwa 2022 kesi kadhaa za ufisadi zilizowahusu wanasiasa ziliondolewa kortini, na mitaani watu wakasema wamesamehewa. Huo ulikuwa uamuzi wa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, ambaye Katiba inamtaka apate kibali cha mahakama. Mwananchi akikasirika, ni vyema ajue mlango wa kubisha.

Tatu, huruma inaweza kuwagusa wengi kwa mkupuo mmoja. Mwaka 2009 Mwai Kibaki aliwabadilishia hukumu ya kifo wafungwa wapatao 4,000 ikawa kifungo cha maisha. Oktoba 2016 Uhuru Kenyatta alifanya hivyo kwa wafungwa 2,747. William Ruto naye alifuata 2023. Hakuna aliyetoka kwa hatua hiyo peke yake. Walihama kutoka kivuli cha kitanzi hadi kifungo kisicho na tarehe ya mwisho.

Na kifungo hicho kina mkasa wake. Julai 2023 Mahakama ya Rufaa iliyoketi Malindi ilisema kifungo cha maisha cha lazima kinavunja Katiba, na wengi katika magereza ya Pwani na bara wakapata matumaini. Aprili 2025 Mahakama ya Juu ikaubatilisha uamuzi huo. Vivyo hivyo, uamuzi wa 2017 wa Mahakama ya Juu dhidi ya hukumu ya kifo ya lazima ulifafanuliwa 2021 kuwa unahusu kosa la mauaji tu. Aliyefungwa kwa wizi wa mabavu, awe gereza la Embu, Meru au Shimo la Tewa, akimaliza rufaa zake, mlango uliobaki ni ombi la huruma. Kwake huu si mjadala wa wanasiasa. Ni maisha yake.

Ndiyo maana msamaha wa wakubwa unauma. Mwaka 2025 aliyekuwa mkuu wa taasisi ya utafiti wa tiba ya KEMRI, Davy Koech, aliyehukumiwa kwa ufisadi, alikuwa miongoni mwa waliosamehewa. Umri na afya ni sababu za haki, lakini kuna wazee wagonjwa wasio na jina waliofungwa pia. Tanzania nako, Desemba 2017, John Magufuli aliwasamehe wanamuziki Babu Seya na Papii Kocha, waliofungwa maisha kwa kubaka watoto. Wapo walioshangilia, na wapo waliouliza watoto wale waliambiwa nini.

Swali hilo katiba yetu inaligusa kwa ncha ya kidole. Inasema kamati *inaweza* kuzingatia maoni ya waathiriwa. Hailazimiki. Wazee wa Njuri Ncheke wa Meru wangeona ajabu. Kwao mkosaji hukiri, hulipa fidia, na aliyekosewa husikizwa mbele ya watu ndipo jambo lifungwe.

Sisemi tuliondoe kombe hili la huruma mkononi mwa Rais. Mahakama hukosea, na watu hubadilika. Ila Bunge linaweza kufanya mambo mawili kwa kurekebisha Sheria ya 2011: kuifanya kamati iwajibike kumtafuta na kumsikiliza aliyekosewa, na kuchapisha sababu pamoja na jina la kila aliyesamehewa. Kosa lilitendeka hadharani na hukumu ikasomwa hadharani. Msamaha nao usikike kwa sababu zake, ili anayetoka gerezani na anayemsubiri kijijini waweze kuishi pamoja.