«Wheel of Fortune»: mchezo wa mamilioni ya dola ambao mwanzo wake umebaki vipande

Kabla ya kuwa mmoja kati ya michezo ya televisheni inayojulikana sana duniani, «Wheel of Fortune» ya Marekani ilijaribiwa mara tatu. Majaribio hayo yalirekodiwa mwaka 1973 na 1974, pamoja na wachezaji, zawadi na gurudumu lenyewe. Leo, zaidi ya miaka 50 baadaye, wapenzi wengi wa mchezo huo wanayafahamu kupitia vipande tu.

Wakongomani waliofuata televisheni za Kifaransa wanaujua mchezo huo kwa jina la «La Roue de la fortune», ulioanza kuonyeshwa Ufaransa kwenye chaneli ya TF1 mwaka 1987. Sheria zake si ngumu. Maneno yamefichwa kwenye ubao. Mchezaji anazungusha gurudumu lililoandikwa kiasi cha pesa, kisha anataja herufi. Kama herufi hiyo iko, anapata kiasi hicho kwa kila mara inapoonekana. Gurudumu likisimama pale palipoandikwa kufilisika, anapoteza pesa zote alizokusanya katika raundi ile.

Aliyeuanzisha ni Merv Griffin, mwimbaji na mtangazaji wa Marekani aliyefariki mwaka 2007. Griffin alieleza kwamba alipokuwa mtoto, yeye na dada yake walikuwa wakipitisha saa za safari ndefu kwa gari wakicheza mchezo wa kubahatisha herufi za neno, ule ambao wanafunzi wa Kifaransa wanauita «pendu». Alipokuwa mtu mzima alifikiri kwamba mchezo huo unaweza kuingia kwenye televisheni. Lakini herufi peke yake hazikutosha kumshika mtazamaji. Akaongeza gurudumu, mfano wa yale aliyoyapenda katika nyumba za kamari.

Jaribio la kwanza: duka badala ya gurudumu

Katika biashara ya televisheni, kipindi kipya hakinunuliwi kwa maneno. Kampuni inarekodi kwanza kipindi kimoja cha majaribio, wakubwa wa chaneli wanakitazama, wanakubali, wanakataa, ama wanaomba kibadilishwe. Mtazamaji wa kawaida hakioni.

Ndivyo ilivyokuwa mwaka 1973 kwenye chaneli ya NBC. Lin Bolen, mwanamke aliyeongoza vipindi vya mchana vya chaneli hiyo, alitaka mchezo uwe na sehemu ya kununua vitu, ili uwavute wanawake waliokuwa nyumbani saa zile. Jaribio la kwanza likapewa jina la «Shopper's Bazaar», yaani soko la wanunuzi. Aliyeliendesha ni mwimbaji Chuck Woolery.

Mtu anayeujua mchezo wa leo angeshangaa kuliona. Gurudumu lilisimamishwa wima, na wachezaji hawakuligusa: lilijizungusha lenyewe. Ubao wa herufi pia haukufanana na ule uliokuja kujulikana baadaye. Kitu ambacho kingefanya watu washike pumzi, yaani mkono wa mchezaji unaosukuma bahati yake mwenyewe, hakikuwemo. Jaribio hilo halikuzaa kipindi.

Mwigizaji na herufi tano

Mwaka 1974 wakajaribu tena, mara mbili, na safari hii chini ya jina la «Wheel of Fortune». Kazi ya uongozaji alipewa Marty Pasetta, ambaye mwaka mmoja mbele alikuwa ameongoza onyesho la Elvis Presley lililorushwa kwa satelaiti kutoka Hawaii. Pasetta aliipa studio taa na rangi za Las Vegas. Sasa wachezaji walizungusha gurudumu kwa mikono yao. Herufi za ubao ziligeuzwa na mtu, na kazi hiyo ilifanywa na Susan Stafford. Zawadi ziliwekwa nyuma ya ubao, na orodha ya bei ilipita pembeni ya skrini wakati mshindi akichagua vitu vya kununua.

Mwendeshaji alikuwa Edd Byrnes, mwigizaji ambaye vijana wa Marekani walimpenda sana katika filamu ya mfululizo «77 Sunset Strip», iliyoonyeshwa kuanzia mwaka 1958. Inasimuliwa kwamba Griffin alimsikia Byrnes akijirudilia peke yake «A, E, I, O, U», ili asisahau vokali ni zipi. Katika mchezo ambao mchezaji analipa pesa ili kupata vokali, hilo lilikuwa tatizo. Wakati kipindi chenyewe kilipoanza kutayarishwa, mwezi wa kumi na mbili 1974, aliyechaguliwa kukiendesha hakuwa Byrnes tena. Woolery, yule wa jaribio la kwanza, aliitwa kurudi. Stafford alibaki kwenye ubao.

Kipindi kilianza tarehe 6 mwezi wa kwanza 1975, siku ya Jumatatu. Ijumaa iliyotangulia, NBC ilikuwa imefunga «Jeopardy!», mchezo mwingine wa Griffin, ulioanza mwaka 1964.

Hakuna moto, hakuna vita

Msomaji wa Goma ama Bunia akisikia kwamba picha za zamani zimepotea, anaweza kufikiri kwamba kulikuwa na vita, uporaji, moto ama volkano. Huko Marekani haikuwa hivyo. Picha nyingi za michezo ya miaka ile zilifutwa na wenye nazo.

Sababu ilikuwa hesabu. Kampuni ya Ampex ilileta mashine ya kurekodi picha za televisheni mwaka 1956. Mikanda yake ilikuwa mipana, mizito na ya bei kali. Lakini ilikuwa na faida moja: mkanda uliokwisha tumika uliweza kurekodiwa tena juu yake. Kwa mkuu wa ghala, mchezo wa mchana uliorushwa jana ulikuwa kitu kilichokwisha. Hakuna aliyetarajia kuurusha tena, na mtazamaji wa nyumbani hakuwa na njia ya kuununua. Mkanda wenyewe ulikuwa na thamani kuliko kilichomo.

Kwa njia hiyo «Jeopardy!» ya kwanza ilirushwa mara 2.753, na sehemu kubwa sana ya vipindi hivyo haipo tena. «Wheel of Fortune» ya mchana ilipata bahati mbaya hiyo hiyo: kutoka miaka ya Woolery, aliyeondoka mwishoni mwa 1981, vimebaki vipindi vichache tu.

Kama vipindi vilivyotazamwa na mamilioni ya watu havikutunzwa, kipindi cha majaribio kilikuwa hatarini zaidi. Hakikuwa na watazamaji wa kukikumbuka. Majaribio ya Byrnes yamefika kwa umma hasa kwa vipande vifupi, vilivyoingizwa katika vipindi vya kumbukumbu na kusambaa baadaye kwenye intaneti.

Hesabu iliyogeuka

Miaka michache tu baadaye hesabu ile ilionekana mbaya. Toleo la jioni la «Wheel of Fortune» lilianza mwaka 1983, likiongozwa na Pat Sajak, na Vanna White kwenye ubao. Lilivuta watazamaji wengi kupita kiasi. Mwaka 1986 Griffin aliuza kampuni yake ya vipindi kwa Coca-Cola, iliyokuwa wakati huo na studio za Columbia, kwa dola milioni 250. Sajak aliendelea hadi mwezi wa sita 2024, alipomwachia nafasi Ryan Seacrest. Mikanda iliyofutwa ili kuokoa pesa kidogo ilikuwa na mwanzo wa mali hiyo kubwa.

Hasara si ya pesa tu. Majaribio yale matatu yanaonyesha kitu ambacho kipindi kilichokamilika hakiwezi kuonyesha: makosa. Ndani yake mtu anaona gurudumu ambalo hakuna anayeligusa, kisha gurudumu lililopewa mikono ya wachezaji, na anaelewa kwa nini moja lilishindwa na lingine likadumu. Anaona pia kwamba wazo la duka, lililoonekana la lazima mwaka 1973, liliondolewa katika miaka ya 1980 na mchezo ukaendelea vizuri bila lenyewe. Kwa kijana anayesomea kazi ya televisheni, Kinshasa ama Bukavu, somo hilo linazidi kutazama kipindi kilichokwisha kunyooshwa.

Wakati mwingine kilichopotea kinarudi, na kinarudi kutoka mahali pasipotazamiwa. Mwezi wa kumi 2013 BBC ya Uingereza ilitangaza kupatikana kwa vipindi tisa vya «Doctor Who» vya miaka ya 1960, ambavyo London haikuwa navyo tena. Vilikutwa Jos, nchini Nigeria, katika kituo cha kurushia matangazo. Filamu hizo zilikuwa zimetumwa Afrika ili zionyeshwe, na kule hakuna aliyezifuta.

Jos inaonyesha kwamba kilichookoa filamu zile si mashine ya bei kali wala sheria. Ni kwamba nakala ya pili ilikuwa mahali pengine, mbali na ghala la mwenye kipindi. Siku hizi kipindi kizima kinaingia katika simu, na nakala ya pili inagharimu kidogo sana kuliko mkanda wa Ampex. Hata hivyo kishawishi ni kile kile: nafasi ikijaa, mtu anafuta cha jana ili arekodi cha leo. NBC ya mwaka 1974 ilifikiri hivyo pia, na Wamarekani wangali wakitafuta vipande.