Abjadi ya Kompyuta

Tarehe 12 Mei 2024, mikongo miwili ipitayo chini ya Bahari ya Hindi, EASSy na Seacom, ilipokatika na intaneti ikadhoofu tangu Kenya hata Msumbiji, watunzi wa programu walikutana na mushkili ambao msomaji wetu mmoja ametuandikia kuuliza: kwa nini kompyuta ikatae kuijenga kazi iliyotumia vifurushi vilevile vilivyomo ndani yake?

Programu za leo hutegemea vifurushi vya watu wengine, navyo vikategemea vingine. Mtunzi aghalabu hatamki toleo moja mahsusi, bali hutaja mipaka, na toleo lolote lililo ndani yake hukubalika. Kwa hiyo npm, mjenzi wa wale watumiao JavaScript, sharti iulize hazina kuu ng'ambo matoleo yapi yapo, ndipo ichague. Ikiambiwa kwa --offline isitumie intaneti, na majibu ya hazina hiyo hayamo katika akiba yake ya diskini, husimama na kutoa neno ENOTCACHED, ijapokuwa kifurushi chenyewe pengine kimelala katika diski tangu mwezi uliopita. Mali imo nyumbani. Hukumu ya kuichagua ndiyo iliyozuilika ng'ambo.

Faili liitwalo package-lock.json huihifadhi hukumu hiyo, likataja toleo la kila kifurushi pamoja na alama iliyokokotolewa kwa hisabu ya SHA-512, na hapa ndipo penye ladha. Wazee wetu wa pwani waliosoma falaki waliijua hisabu ya abjadi, ambayo kila herufi ya Kiarabu ina thamani yake, hata jina Ali, aini ikiwa 70, lamu 30 na yaa 10, likawa 110, wala hapana haja ya kumwuliza mtu, maana idadi imo katika jina lenyewe. SHA-512 nayo huitoa alama katika yaliyomo. Lakini abjadi hujumlisha tu, na ukizipindua herufi za Ali hubaki 110 ileile, ilhali SHA-512 huzisaga data fungu kwa fungu, kila fungu likichanganywa na matokeo ya yaliyotangulia, hata nukta moja ikibadilika alama nzima ya tarakimu 128 hugeuka isitambulikane. Kisha npm huifanya alama hiyo anwani katika akiba yake: tarakimu 2 za kwanza ni jina la folda, 2 zifuatazo folda ya ndani, na 124 zilizosalia jina la faili. Hulitwaa, hulihesabu upya, na hesabu ikiafikiana imepata ithibati pasipo kuuliza ng'ambo.

Basi intaneti ikikatika usiifute akiba ya npm, kama wengi wakimbiliavyo. Andika npm install --offline palipo na package-lock.json. Jihadhari na amri ya npm ci, maana huanza kwa kuifuta folda ya node_modules, vinamokaa vifurushi vilivyosimikwa, na kifurushi kimoja kikikosekana utabaki mikono mitupu. Viko pia vifurushi viagizavyo vitu vya ziada wakati wa kusimikwa. Vitu hivyo akiba haivijui, na hupakuliwa mapema kwa mkono.